Mshindi Hajulikani, Mpotezaji Ajulikana



Kina mama kadhaa wametuletea swali moja kwa maneno mbalimbali. Vijana wao, na wengine ni waume zao, wameacha kubeti mpira wa miguu baada ya kuona hasara yake, na sasa wamehamia kwenye gofu. Wakinasihiwa hujibu kwamba hii si kamari ya kubahatisha, hii ni ilimu. Wanasema mpira una refa, una penalti na kadi nyekundu, ilhali gofu ni mtu na kigongo chake, na mwenye kuzisoma hesabu za wachezaji kwa makini aweza kumjua mshindi kabla mashindano hayajaanza. Kina mama wanauliza: je, hoja hii ina uzito? Wiki hii tumeona tuijibu kwa utaratibu, kwani kijana anayejiona mtaalamu harudi nyuma kwa kukaripiwa. Yataka aoneshwe.

Na tuanze kwa insafu. Ni kweli gofu ni mchezo wa ustadi. Mashindano ya kulipwa aghalabu huchukua siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kila siku, jumla mashimo 72, na mshindi ni aliyetumia mikwaju michache kuliko wenzake. Katika mashindano mengi, baada ya siku mbili hufanywa mchujo, na walioachwa nyuma hufunga mizigo yao wakaenda zao. Mwaka mzima una mashindano makuu manne kwa wanaume: Masters ya Augusta huko Georgia, Marekani, PGA Championship, U.S. Open, na The Open ya Uingereza. Anayetaka kumchagua mshindi hutazama mambo mengi: nani amecheza vizuri majuma ya karibuni, nani hupiga mbali, nani ana mkono mtulivu wa kuuingiza mpira shimoni, na nani amekizoea kiwanja kile. Hutazama pia upepo. Nasi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Aliyewahi kusimama Mama Ngina wakati wa kusi, akautazama upande wa kiwanja cha gofu cha Mombasa kilichopakana na bahari, anajua kwamba mpira ulioelekezwa magharibi waweza kuangukia kwingine kabisa.

Basi ilimu ipo. Lakini kuwajua wachezaji ni jambo moja, na kumjua mshindi ni jambo jingine. Mechi ya mpira ina matokeo matatu tu: huyu ashinde, yule ashinde, au watoke sare. Mashindano ya The Open huwa na wachezaji 156, na mshindi ni mmoja. Mtazameni Jack Nicklaus, mchezaji aliyetwaa mataji makuu 18, idadi ambayo hakuna mwanamume mwingine aliyeifikia. Nicklaus huyo huyo alimaliza wa pili mara 19. Yaani bingwa wa mabingwa, mara alizokaribia akakosa ni nyingi kuliko alizopata. Tiger Woods ameshinda mashindano 82 ya ligi kuu ya Marekani, naye pia aliyoyakosa ni mengi kuliko aliyoyapata. Ikiwa hali yao ni hiyo, sembuse huyo ambaye kijana wako amemchagua jana usiku kwenye simu?

Historia ya mchezo wenyewe imejaa mifano. Mwaka 1996, Greg Norman wa Australia aliianza siku ya mwisho ya Masters akiwa mbele kwa mikwaju sita. Jioni ilipofika, Nick Faldo alikuwa amemshinda kwa mikwaju mitano. Mwaka 1999, kule Carnoustie nchini Scotland, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Mpira wake uliingia kijitoni, akavua viatu na soksi akasimama majini akiutazama, na akalimaliza shimo kwa mikwaju saba. Taji lilikwenda kwa Paul Lawrie, ambaye asubuhi ile alikuwa nyuma ya kiongozi kwa mikwaju kumi. Mwaka 2003 The Open ilishindwa na Ben Curtis, kijana wa Marekani aliyekuwa nambari 396 katika orodha ya dunia, na hayo yalikuwa mashindano yake makuu ya kwanza. Mwaka 2009 Y.E. Yang wa Korea Kusini alimpiku Tiger Woods, aliyekuwa hajawahi kupoteza taji kuu akiingia siku ya mwisho mbele ya wenzake.

Wala tusiende mbali. Disemba 2019, hapa hapa Vipingo, kaunti ya Kilifi, kulichezwa mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open. Mshindi alikuwa Esther Henseleit, binti wa Kijerumani aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, naye alitoka nyuma siku ya mwisho akawapita waliomtangulia. Wote hao waliokuwapo walikuwa na macho, na makedi wanaokijua kiwanja kile kwa nyayo zao walikuwapo. Kuona kwao hakukuwapa kujua yatakayokuwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo ilimu ya kijana inapouzwa dhidi yake mwenyewe. Kampuni ikiahidi kulipa mara 20 ya dau kwa mchezaji fulani, ni kama inasema mchezaji huyo ana nafasi 5 katika 100. Mwenye malipo ya mara 10 amepewa nafasi 10 katika 100. Ukizijumlisha nafasi za wachezaji wote, kwa haki zingetakiwa zifike 100, wala zisizidi. Lakini kampuni hazipangi hivyo. Kila mchezaji hupunguziwa malipo kidogo, na orodha ikiwa na majina zaidi ya 100, huko kupunguza kidogo kidogo hukusanyika kukawa kwingi. Tuseme jumla imefika 130. Maana yake ni kwamba, atakayegawanya shilingi 130 kwa wachezaji wote kwa uwiano huo, yeyote atakayeshinda, atarudishiwa shilingi 100. Shilingi 30 zimebaki kwa mwenye meza, na mchezo haujaanza. Mshindi wa gofu hajulikani hadi Jumapili, ila mpotezaji amekwisha kujulikana tangu Jumatatu orodha ilipotolewa.

Kijana atasema: mimi siwachagui wote, namchagua aliye bora. Ni sawa, lakini aliyepanga malipo yale naye anazo hesabu zile zile, na zaidi, na amewaajiri watu wa kuzisoma mchana na usiku. Jambo ambalo kijana amelisoma kwenye simu saa tatu usiku limekwisha kuingizwa katika malipo tangu asubuhi. Ili apate faida, haimtoshi kuijua gofu. Lazima aijue kuliko wao, kwa kiasi cha kufidia zile 30, tena si leo tu, bali kila juma.

Na wale wanaouza majina ya washindi kwa ada? Fikirini, watu 40 wakitaja kila mmoja mchezaji wake, huenda mmoja wao akapatia bila ya kujua lolote. Huyo mmoja ndiye atakayebandika risiti yake kila mahali, na wale 39 watanyamaza. Mwezi ujao atapatia mwingine, naye atabandika. Anayetazama kwa nje huona washindi watupu, kwa sababu walioanguka hawapigi picha. Tena tujiulize: mwenye kuujua mlango wa hazina, atauza ufunguo kwa shilingi 200?

Gofu ina mtego mwingine ambao akina mama yafaa waujue. Mchezaji uliyemchagua akimaliza wa tatu au wa nne, moyo hukwambia, "Nilikaribia, wiki ijayo nitapata." Na kwa kuwa mashindano huenda siku nne, tamaa hukaa nyumbani siku nne. Yale ya Marekani humalizika usiku wetu. Duru ya mwisho ya Masters huisha yapata saa nane za usiku wa kuamkia Jumatatu. Ile theluthi ya mwisho ya usiku, ambayo waja wema huamka kumwomba Mola wao, kijana wetu yu macho akihesabu mikwaju ya watu asiowajua, na alfajiri ikiingia amelala fofofo.

Kuhusu hukumu ya dini, hatutarefusha, kwani masheikh wetu wamelieleza jambo hili vya kutosha. Ila kuna mambo mawili yanayomgusa huyu anayesema ana ilimu. La kwanza, Qur'ani tukufu katika Surat al-Baqara, aya ya 219, haikukanusha kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Imeyataja manufaa hayo, kisha ikabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo anayesema "mimi nimewahi kupata" hakuleta hoja mpya. La pili, kamari ya Waarabu wa zama za ujahilia ilikuwa ni kupigia kura nyama ya ngamia kwa mishale, na nyama yenyewe mara nyingi waligaiwa maskini. Pamoja na sadaka hiyo, ilikatazwa. Na Surat al-Maida, aya za 90 na 91, imetaja sababu ambazo kila mke aliyepitia balaa hili anazijua bila ya tafsiri: uadui, chuki, na kuzuiliwa na utajo wa Mwenyezi Mungu na Sala.

Tusije tukaudhulumu mchezo wenyewe. Mchezaji anayetoka jasho akapewa zawadi na mdhamini si sawa na mtazamaji aliyeweka dau. Wanazuoni wametofautisha baina ya zawadi inayotolewa na mtu wa nje na fedha zinazotolewa na washindani wenyewe ili mmoja azile za wenzake. Kijana anayeipenda gofu na aende Nyali au Vipingo akajifunze kazi ya ukedi, au kutunza nyasi, au kucheza kwenyewe. Hiyo ni riziki na siha.

Na asidhani mtu kwamba kuujua mchezo ni kinga. Phil Mickelson ameshinda mataji makuu sita, na mwaka 2021 akawa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kushinda taji kuu, akiwa na miaka 50. Mwaka uliofuata alikiri hadharani kwamba kamari yake ilikuwa imevuka mpaka, na baadaye akaeleza jinsi ilivyomtenga na watu wake hata alipokuwa amekaa nao. Huyo ana mamilioni ya kupoteza. Sisi wetu anapoteza karo ya mtoto.

Tupige hesabu ya nyumbani. Dau la shilingi 50, mara nne kwa wiki, ni shilingi 200. Kwa wiki 52 ni shilingi 10,400. Kila mama anajua nyumbani kwake fedha hizo zingeziba pengo gani: deni la duka, ada ya madrasa, dawa ya bibi, au mtaji wa kuanzia biashara ya viazi karai. Na hapo hatujahesabu mikopo ya simu iliyochukuliwa ili kurudisha kilichopotea.

Basi tufanyeje? Kwanza, nasaha iwe faraghani. Anayeaibishwa mbele ya ndugu hujifunza kuficha, haachi. Pili, mume na mke wakae pamoja mara moja kwa mwezi waisome taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari, ya huyu na ya yule, kwa upole. Tatu, mama asilipe deni la kamari la mwanawe kimya kimya kwa huruma, maana huwa amemnunulia dau lijalo. Likilipwa, lilipwe kwa sharti na kwa mashahidi wa nyumbani, na akaunti ifungwe siku hiyo hiyo. Nne, sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini simu haimjui aliyeishika. Nambari ya siri ya mama isiwe ya nyumba nzima. Tano, akiwa amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa, tusimwite mkaidi. Tumpeleke kwa mshauri nasaha na kwa sheikh anayemwamini, vyote viwili.

Na kwako wewe kijana uliyesoma hadi hapa, hatusemi huna akili. Subira ya kufuatilia wachezaji 156, kulinganisha upepo, viwanja na tarakimu, ni kipaji ambacho duka la baba yako linakihitaji, na ushirika wa wavuvi unakihitaji, na kina mama wa chama wanaoandika hesabu zao kwenye daftari lililochanika wanakihitaji zaidi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yako ni nyumba hii uliyolelewa.

Mola atuhifadhie vijana wetu, atupe riziki ya halali iliyo na baraka, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Amin.