MDOLI HANA PEPO, LAKINI ULIMI WETU JE?

Kabla hujaandika "Amina" hapo chini, soma kwanza mpaka mwisho. Tabia yetu ya kusema Amina kabla ya kusoma ndiyo ninayoipinga leo.

Mnaukumbuka ule ujumbe wa 2025 kuhusu Labubu, yule mdoli wa manyoya mwenye masikio ya sungura na meno makali, ambaye watu humning'iniza kwenye mikoba. Ujumbe ulisema ndani yake anakaa Pazuzu, pepo wa kale, na kwamba ukimleta nyumbani umemfungulia mlango. Ulizunguka kanisa hadi kanisa. Mimi pia niliutuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ushirika wetu, nikaongeza maneno mawili: "Wazazi, amkeni!"

Dada mmoja aliamka kweli. Alimnyang'anya binti yake wa miaka saba mdoli aliyeletewa na shangazi yake kutoka Doha, akamtia kwenye jiko la makaa mtoto akitazama. Wiki mbili baadaye akaniita niiombee nyumba, kwa sababu mtoto alikataa kulala peke yake. Nilipoketi naye, akaniuliza, "Pasta, kama pepo alikuwa analala na mimi kitandani, sasa ameenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Hofu ile haikuletwa na mdoli. Ilitoka kwenye simu yangu.

Nilirudi nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni. Nilisoma. Labubu alichorwa na msanii Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi. Alimtoa 2015 katika vitabu vya picha vya watoto, akichota kwenye hadithi za kale za Ulaya Kaskazini. Kampuni ya China, Pop Mart, ikaanza kumuuza kama mdoli 2019, na 2024 Lisa wa kundi la Blackpink akaonekana naye, dunia ikamkimbilia. Pazuzu naye ni wa Mesopotamia ya kale, na wengi wa siku hizi walimjua kupitia filamu ya kutisha ya 1973, The Exorcist. Ushahidi wa kuwaunganisha hawa wawili ni upi? Meno tu.

Utaniambia, "Lakini Mchungaji, hizo hadithi za kale si zina mazimwi?" Ndiyo, zina. Nyanya zetu pia walitusimulia zimwi mla watu, tukaenda kulala tukicheka. Hakuna aliyetutoa pepo asubuhi.

Watumishi wenzangu, tuseme ukweli. Kila wiki kuna mdoli mpya, densi mpya, nyota mpya, na sisi tunakimbilia kutafuta shetani humo kwa sababu mahubiri ya namna hiyo hujaza viti. Matendo 17:21 inatuonyesha watu wa Athene waliotumia muda wao wote kusema na kusikia mambo mapya. Tumekuwa Waathene wenye Biblia. Paulo alizunguka mji ule, akaangalia madhabahu zao, akasoma yaliyoandikwa, ndipo akafungua kinywa. Sisi tunafungua kinywa kwanza.

Na tusijifiche nyuma ya neno "tahadhari". Kutoka 20:16 inakataza kushuhudia uongo. Amri hiyo haikuruhusu tumsingizie mtu kwa kuwa yuko mbali na hatujui.

Kama ni kuhubiri juu ya Labubu, ya kuhubiri yapo. Mdoli huyu huuzwa sana katika sanduku lililofungwa. Hujui umepata yupi mpaka ulipe na kufungua, na ukikosa uliyemtaka unanunua tena. Ndugu, hiyo ni binamu ya kamari, na vijana wetu tayari wanaumia kwa kamari. Juni 2025 huko Beijing, Labubu mmoja mwenye kimo cha mtu aliuzwa mnadani kwa zaidi ya yuan milioni moja. Soma Luka 12:15 juu ya tamaa, uone kama hakuna somo hapo. Na Agosti mwaka huohuo mamlaka ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilionya kwamba Labubu bandia huachia vipande vinavyoweza kumkaba mtoto. Hiyo ndiyo tahadhari ya kweli, na ndiyo sikuisambaza.

Mungu wetu hachukii mchezo. Katika Zekaria 8:5, dalili ya mji uliobarikiwa ni njia zilizojaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Nilirudi kwa yule mtoto nikamwambia, "Hakukuwa na pepo. Pasta alikosea." Akaniuliza kama atapata mdoli mwingine. Hilo nilimwachia mama yake. Kisha nikaandika maneno yaleyale kwenye kikundi kile nilichotumia kueneza uongo. Kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi.

Mpendwa, wiki hii ukiletewa ujumbe wa kutisha, uliza: nani amesema, na amejuaje? Ukikosa jibu, uache ufie kwenye simu yako. Na kama uliwahi kusambaza ule wa Labubu, rudi palepale ukarekebishe.

Tuombe: Bwana, utusamehe kwa watoto tuliowatisha kwa jina lako. Linda vidole vyetu kama tunavyokuomba ulinde ndimi zetu. Katika jina la Yesu.

Sasa andika Amina.