Kishikwambi Hakifundishi Peke Yake: Funzo la Vijiji vya Tanga

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, serikali ya Tanzania iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vigawiwe walimu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani chombo kilichokwisha kulipiwa na wananchi hakikuachwa kiozee ghalani. Hata hivyo, mjadala uliofuata ulitawaliwa na hesabu ya vifaa: vimefika vingapi, nani amepewa na nani amekosa. Swali zito zaidi halikupata nafasi. Je, mtoto wa Darasa la Pili amejifunza nini ambacho asingejifunza kama kifaa hicho kisingefika shuleni kwake?

Hoja yangu ni kwamba teknolojia katika shule ya msingi haipimwi kwa wingi wa vifaa. Hupimwa kwa mambo matatu: lugha ambayo kifaa kinasema na mtoto, uwezo wa mwalimu wa kukitawala, na utaratibu wa kukiweka hai baada ya wageni wa heshima kuondoka. Likikosekana moja kati ya hayo, tunakuwa tumenunua pambo.

Tuanze na majirani zetu. Katika kampeni za mwaka 2013, muungano wa Jubilee nchini Kenya uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ilikwama katika mabishano. Baadaye kompyuta ziligeuka kuwa vishikwambi, vikaanza kusambazwa mwaka 2016 na idadi yake ikapita milioni 1. Haki itendeke: kwa sababu ya mpango huo, maelfu ya shule za msingi ziliungwa umeme, na hiyo si faida ndogo. Lakini ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga shule mwezi Machi 2020, watoto walikwenda nyumbani na vishikwambi vikabaki shuleni. Siku ambayo somo la mbali lilihitajika kuliko siku nyingine yoyote, chombo kilikuwa upande mmoja na mwanafunzi upande mwingine. Mpango uliohesabu mafanikio kwa idadi ya vifaa vilivyofikishwa haukuwa umejiandaa kwa jambo hilo.

Sisi Watanzania tuna ushahidi wa karibu zaidi, na nashangaa jinsi tunavyoutaja mara chache. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, takriban vijiji 170 vya mkoa wa Tanga vilikuwa uwanja wa jaribio kubwa lililoandaliwa na taasisi ya XPRIZE ya Marekani, kwa kushirikiana na serikali yetu, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani. Zaidi ya watoto 2,500, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa takriban nusu. Mwezi Mei 2019, programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo kuu ya dola milioni 10.

Wapenzi wa teknolojia hulitumia jaribio hili kuonyesha kwamba mtoto anaweza kujifundisha mwenyewe. Tulitazame vizuri. Kwanza, programu zile zilisema Kiswahili. Mtoto hakulazimika kuvuka mto wa Kiingereza kabla ya kuifikia herufi ya kwanza. Pili, hazikutegemea intaneti. Vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua kijijini, chini ya uangalizi wa wanakijiji waliokabidhiwa jukumu hilo. Yaani, hata mahali palipokusudiwa kuthibitisha nguvu ya mashine, ilihitajika lugha ya nyumbani na mtu wa kijijini wa kuitunza. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, nusu ya pili ya watoto hao walibaki palepale, bila kuweza kusoma hata neno moja. Kishikwambi kilimfikisha mtoto mmoja mlangoni na kumwacha mwenzake njiani. Wa kurudi kumshika mkono huyo aliyeachwa ni mwalimu, kwa sababu mwalimu humwona mtoto aliyenyamaza, naye huweza kutambua kama ukimya huo ni wa njaa, wa aibu au wa kutoelewa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni anasa, na kwamba shule isiyo na madawati na vyoo vya kutosha haina haja ya vishikwambi. Naielewa hasira iliyomo katika hoja hiyo, lakini siikubali. Mtoto wa mwenye nacho, aliye katika shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, hatusubiri tumalize kutengeneza madawati. Tayari ana kompyuta shuleni na simu ya mzazi nyumbani. Kumnyima mtoto wa shule ya umma zana hizo kwa kisingizio cha umaskini wake ni kumwadhibu mara mbili. Isitoshe, zana bora si lazima iwe ya bei kubwa. Tangu mwaka 2014, Ubongo Kids, iliyobuniwa Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha hesabu kwa katuni na nyimbo za Kiswahili kupitia runinga, chombo ambacho kimekuwamo majumbani kwa miaka mingi.

Basi tufanye nini? Kwa ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma: kila bajeti ya kununua kifaa iambatane na fungu la bando, la matengenezo na la mafunzo ya mwalimu. Pasipo fungu hilo, gharama huhamia kimyakimya katika mshahara wa mwalimu, na mwalimu asiye na fedha ya bando atakifungia kifaa kabatini, naye hatakuwa na kosa. Taarifa za mwaka nazo zibadilike. Pamoja na idadi ya vishikwambi vilivyogawiwa, zieleze idadi ya watoto waliovuka kizingiti cha kusoma katika shule zilizovipokea.

Kwa wanaharakati: mkihudhuria vikao vya halmashauri, msitosheke na orodha ya vifaa vilivyopokelewa. Ulizeni vinavyofanya kazi ni vingapi leo, na vinafundisha kwa lugha gani. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma. Programu inayoingia humo kwa lugha nyingine inamfanya mwalimu kuwa mkalimani wa mashine.

Na kwenu wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa mnaosomea kompyuta na ualimu: masharti ya shindano lile yalitaka programu zilizofika fainali ziachwe wazi, yeyote azichukue na kuziendeleza. Zilijaribiwa kwa watoto wetu na zinasema lugha yetu. Hakuna sababu ya kuzisubiri zirudi kwetu siku moja kama bidhaa ya kununua. Zichukueni, zioanisheni na mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha zipelekeni kwa mwalimu mwenye darasa la watoto mia moja, mumuulize zimsaidie wapi. Yeye ndiye ajuaye ni nani katika darasa lake bado hajasoma neno lake la kwanza.