Risala ya Wananchi wa Tarime na Serengeti Kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunazungumza kwa niaba ya wananchi waliotutuma kutoka Sirari, Nyamwaga, Nyamongo, Nata na Mugumu. Habari za barabara, maji na tembo wanaovamia mashamba zina risala zake. Leo tumekuja na jambo moja: Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, inatufikia haraka tunapofungua mdomo, lakini tunapoumizwa na kuikimbilia hatuioni.

Hatukuja kuomba sheria hiyo ifutwe. Akina mama wa VICOBA wamepoteza akiba zao kwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na hakuna hapa anayetaka matapeli waachwe. Tunachokataa ni namna sheria inavyotumika kwetu kama fimbo ya kutishia.

Mheshimiwa, unajua mwezi wa Desemba ulivyo katika wilaya hizi. Shule zikifungwa, koo ambazo mwaka huo ni zamu yao ya kukeketa huanza maandalizi. Mabinti wakitoka kwa ngariba husindikizwa barabarani kwa nyimbo, wamefunikwa kanga, na siku hizi kila aliye pembeni ameinua simu. Muda si mrefu video iko kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, uso wa mtoto unaonekana wazi, na wajomba walioko mijini wanatuma pongezi. Video ile ni ushahidi wa kosa, na kuisambaza ni kumdhalilisha mara ya pili mtoto yuleyule. Tumeziona nyingi. Kesi zilizotokana nazo hatujaziona.

Sasa tazama upande wa pili. Kijana mwenzetu aliandika kwenye kundi la kijiji kwamba alfajiri mabinti wangepelekwa kukeketwa kwenye boma fulani. Taarifa ilikuwa ya kweli alipoiandika. Usiku uleule wahusika wakahamisha shughuli, na asubuhi waliofika pale wakakuta watu wanachoma mahindi. Jioni kijana akaambiwa amesambaza uongo na atafunguliwa kesi ya mtandao. Hakufunguliwa, lakini ameondoka kwenye kundi na hatoi taarifa tena. Wengine waliokuwa wakitoa taarifa wamejifunza kutoka kwake.

Tumekisoma kifungu cha 16 kwa msaada wa wakili. Kinamtaka mshtaki athibitishe kwamba mtu alijua taarifa ni ya uongo, tena alikuwa na nia ya kupotosha, kukashifu au kutisha. Kijana wetu hakuwa na lolote kati ya hayo. Lakini nani kijijini anayajua maneno hayo? Kinachojulikana ni adhabu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tulisikia pia habari za Julai 2024, kijana mchoraji wa Rungwe, Mbeya, alipohukumiwa kifungo cha miaka 2 au faini ya milioni 5 kwa video aliyoiweka TikTok, na wananchi wakamchangia kuilipa. Kwa familia nyingi za hapa, milioni 5 ni kumaliza zizi.

Tunaomba uweke adhabu hiyo kando ya nyingine. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinamwadhibu mzazi au mlezi anayesababisha binti wa chini ya miaka 18 akeketwe kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000. Isiyozidi, Mheshimiwa. Anayemkata mtoto anaweza kutoka kwa laki tatu, na anayeandika vibaya kuhusu kukatwa kwake anaanzia milioni tano. Tumeyasoma maneno haya mara nyingi na bado yanatuuma. Tunaomba Wizara ya Katiba na Sheria ipeleke bungeni pendekezo la kuiondoa faini hiyo na kuwalinda pia wanawake waliovuka miaka 18, kwa maana wapo wanaokeketwa siku chache kabla ya kuolewa au hata wakati wa kujifungua.

Kuna binti aliyekimbilia nyumba salama. Hatutataja jina lake wala kijiji chake. Picha yake akiwa na sare ya shule ilizungushwa kwenye makundi matatu, na maelezo yakimtaka yeyote atakayemwona apige simu. Kifungu cha 23 cha sheria hii kinaita kosa kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yenye tume yake. Vyote hivyo havikumsaidia. Walezi wake walitumwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, kwa sababu Tarime iko chini ya Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya, na Serengeti iko chini ya Kamanda wa Mkoa wa Mara, na binti akivuka mpaka wa wilaya jalada linachelewa kumfuata. Tunadai Dawati la Jinsia na Watoto katika wilaya zote mbili liwe na askari aliyefunzwa kupokea ushahidi wa simu, na jalada la mtoto lifunguliwe popote anapofikia.

Kifungu cha 14 nacho kinatutia hofu. Kinakataza kuchapisha picha za ngono, adhabu ikianzia faini ya milioni 20 au kifungo cha miaka 7, lakini hakisemi neno ridhaa. Binti ambaye picha zake zimesambazwa na mwanaume waliyeachana naye anaogopa kwenda kituoni, kwa kuwa atakachoulizwa kwanza ni kwa nini alipiga picha hizo. Tunaomba sheria iseme wazi kwamba aliyesambaziwa picha bila ridhaa yake ni mlalamikaji, asigeuzwe mtuhumiwa.

Kuhusu simu zinazochukuliwa: kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru upekuzi na ukamataji wa kifaa bila kupitia kwa hakimu. Simu ya bodaboda ndiyo benki yake na ndiyo inayomletea abiria. Ikikaa kituoni miezi mingi, amekwishaadhibiwa kabla ya hukumu. Tunataka kibali cha mahakama, hati ya kupokea inayotaja kifaa na laini, na muda maalumu wa kurudisha.

Mwisho, tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Tunadai nakala ya Kiswahili ya sheria hii ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wawezeshwe kuifundisha kwenye mikutano ya hadhara, wazee wa mila wakiwepo. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) nayo isije kwetu kwa ajili ya kusajili laini tu, ije pia kuifundisha sheria hii.

Shule zinafungwa Desemba. Tunaomba majibu yatufikie kabla ya hapo, kwa maandishi, kupitia ofisi za kata.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.