Stempu yenye kosa ina bei, ila si kila kosa

Wauza dhahabu wa Geita na almasi wa Shinyanga hawakubali bei kabla ya kupima. Stempu za zamani zilizomo katika masanduku ya wazee zinastahili vivyo hivyo.

Mwaka 1895 Posta ya Zanzibar ilitumia stempu za India zilizochapwa juu yake neno "Zanzibar". Chache zikatoka "Zanzidar", na wakusanyaji huzigombania. Katika zile za uhuru wa Tanganyika za mwaka 1961, za senti 30, zimo zilizosomeka "UHURU 196". Rangi iliyofifia kwa jua haihesabiwi. Huo ni uchakavu, si kosa la mtambo.

Tatizo ni kughushi. "Zanzidar" bandia zipo, na tarakimu yaweza kukwanguliwa kwa wembe. Mwenye barua asibandue stempu, maana bahasha na muhuri wa posta ni ushahidi. Mnunuzi anayetaka fungu zima kwa haraka asubiri kwanza mtaalamu azitazame.