Chai ya Abiria Ingoje

Mkulima wa kahawa wa Mpepai, wilayani Mbinga, akisoma maneno haya huenda akauliza: "Mambo ya ndege yanatuhusu nini sisi?" Swali lake ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu. Yanatuhusu kwa sababu habari yenyewe si ya ndege, bali ni ya mfanyakazi anayeumia kazini. Tena binti wa Mpepai, aliyesomeshwa kwa fedha za kahawa, aweza kesho kuvaa sare ya mhudumu wa ndege. Siku hiyo ikifika, twataka aende kazini na kurudi mzima.

Wavuvi wa Ziwa Nyasa wanaifahamu hatari hii kabla hatujaieleza. Mwera ukivuma ghafula na mawimbi yakiinuka, aliyeketi mtumbwini huloa, aliyesimama huanguka. Hewa nayo ina mawimbi yake. Upepo ukipiga milima mirefu, kama ile ya Livingstone iliyo juu ya ziwa hilo, hupanda, kisha hushuka kwa nguvu upande wa pili. Ndani ya mawingu ya radi hewa hupanda na kushuka vivyo hivyo. Tena iko misukosuko katika anga iliyotakata, ambayo rada ya ndege haiioni, kwa kuwa rada hiyo huona maji yaliyomo mawinguni tu. Ndege ikikumbwa na msukosuko huo, abiria aliyefunga mkanda hushtuka. Mhudumu aliyesimama hurushwa juu darini, akaanguka sakafuni, na pengine toroli la vyakula, ambalo likijaa laweza kufikia kilo 100, likamwangukia.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu. Tarehe 7 Oktoba, 2008, ndege ya Qantas iliyokuwa ikitoka Singapore kwenda Perth iliinamisha pua ghafula mara mbili, kwa hitilafu ya mitambo yake. Katika abiria 303 waliumia wasiopungua 110. Katika wafanyakazi wake 12 waliumia 9. Abiria waliumia zaidi kidogo ya theluthi moja. Wafanyakazi waliumia robo tatu. Nchini Marekani, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilichunguza ajali za misukosuko ya hewa zilizotokea kati ya mwaka 2009 na 2018, ikaona kwamba katika kila watu watano walioumia vibaya, karibu wanne walikuwa wahudumu.

Sababu haijifichi. Abiria ameketi, mhudumu amesimama kwa ajili yake. Tarehe 21 Mei, 2024, ndege ya Singapore Airlines ilipokumbwa na msukosuko juu ya nchi ya Myanmar, abiria mmoja alifariki na watu wengi waliumia. Wachunguzi walieleza kwamba tangu rubani kutamka kuwa taa ya mikanda imewashwa hadi mtikisiko mkubwa kuanza zilipita sekunde 8 tu. Je, katika sekunde 8 mhudumu aweza kulisukuma toroli hadi mahali pake, kulifunga, kukifikia kiti chake na kujifunga mkanda? Kila mwenye akili timamu atajibu kwamba hawezi.

Wako watakaosema kwamba mhudumu aliipokea kazi hiyo akizijua hatari zake. Sisi hatukubali. Mtu hupokea kazi na ujira wake. Hapokei kuvunjwa mguu kwa jambo liwezalo kuzuiwa. Tena wasemao hivyo wasahau kwamba mhudumu hakuwekwa ndani ya ndege kwa ajili ya chai kwanza. Amewekwa ili azime moto, afungue milango na kuwatoa watu siku ya hatari. Akiwa amelala sakafuni hajiwezi, nani atawatoa hao aliokuwa akiwahudumia?

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, taa ya mikanda ikiwaka kwa ajili ya hewa mbaya, huduma na isimame, na mhudumu aketi na kujifunga, bila kuhofia kukaripiwa. Jambo hili lawezekana. Singapore Airlines, baada ya ajali ile, waliamuru hivyo. Korean Air, tangu Julai 2024, humaliza huduma dakika 40 kabla ya kutua badala ya dakika 20.

Pili, sisi abiria tuwe watu wa kusikia. Tunaposafiri kutoka Songea kwenda Dar es Salaam na mhudumu akatuambia tufunge mikanda, tufunge. Tusimwite kwa ajili ya kikombe wakati ndege inatikisika.

Tatu, kila jeraha liandikwe na kulipwa haki yake. Kwa kanuni za kimataifa, mhudumu akivunjika mguu kwa mtikisiko wa ndege, hiyo ni ajali ya kuchunguzwa. Lakini mgongo ulioteguka, usiomlaza mtu hospitali zaidi ya saa 48, aghalabu hupita kimya, nao waweza kumtoa mtu kazini maisha yake yote. Mwenye kovu usidhani kapoa. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake ulioanza kazi mwaka 2015. Sheria haimfai mfanyakazi ambaye jeraha lake halikuandikwa.

Hatari hii nayo inakua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2023 kwamba misukosuko mikali ya anga iliyotakata juu ya Atlantiki ya Kaskazini iliongezeka kwa asilimia 55 kati ya mwaka 1979 na 2020.

Tahadhari ni kabla ya hatari. Chai iliyopoa hupashwa moto tena. Mgongo uliovunjika hauna dawa nyepesi. Basi chai ya abiria ingoje, na binti wa Mpepai aketi.