Mbuzi mbili na kitenge kimoja



Mama mmoja anayekaa kwenye karieri ya zahabu, mbali na Kisangani, amenitumia ujumbe. Ninauandika hapa kwa ruhusa yake, bila jina: «Pasta, mutoto wangu mwanamuke iko mwaka wa munane. Mwalimu wake anamuita kila siku ya posho aende kwake nyumbani kuchukua pointi. Mutoto anakataa. Sasa mwalimu anamwambia mbele ya wengine: utaona buletini yako. Baba yake anasema tunyamaze, juu mwalimu akikasirika mutoto ataanguka. Mimi silali tena usiku. Tufanye nini?»

Nilitaka kumjibu haraka, kwa maombi na mistari miwili ya Biblia, kama tunavyozoea sisi wachungaji. Lakini mama huyu hakuuliza namna ya kuomba. Anajua kuomba kuliko mimi. Aliuliza tufanye nini.

Basi Mama, jambo la kwanza ni hili. Watu wengi wanazani kosa linaanza siku mtoto anapoguswa. Hapana. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, ile iliyobadilisha kitabu cha azabu cha mwaka 1940, inasema kwamba mtu anayesumbua mwingine mara kwa mara kwa maneno, kwa vitisho, au kwa nguvu ya cheo chake, ili apate mambo ya mwili, anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka miaka 12. Mwalimu anayesema «utaona buletini yako» ameshaingia ndani ya sheria hiyo, hata kama hajamgusa mtoto kidole. Lakini shika neno moja: kwa kosa hili la kusumbua, sheria inangoja mwenye kusumbuliwa ashitaki. Mkinyamaza, nayo itanyamaza.

Vijana wa yunivasite wana mzaha wao. Wanasema kuna magonjwa ya zinaa, na kuna pointi za zinaa. Tunacheka. Nami nilicheka siku ya kwanza kuusikia. Sasa mzaha umefika kwa mtoto wa mwaka wa nane.

Kabla ya kuendelea, niseme zambi yangu mwenyewe, maana nisiposema nitakuwa ninafundisha wengine kazi niliyoikimbia.

Mwaka 2008 nilikuwa mchungaji kijana kwenye kijiji cha wachimbaji. Shule ilikuwa karibu na kanisa. Mtoto wa miaka 14, mwaka wa tano wa primeri, alionekana na mimba, na mwenye mimba alikuwa mwalimu wake, mtu aliyeongoza kwaya yetu. Baba wa mtoto alipanda kutoka kwenye mashimo na upanga mkononi. Wazee wakamtuliza, wakasema twende kwa pasta. Tukakaa kwangu, chini ya mwembe, tangu asubuhi mpaka jua lilipopinduka. Jamaa ya mwalimu ilileta mbuzi mbili, kitenge kimoja cha mama, na feza kidogo. Mimi ndimi niliyeandika karatasi. Watu sita walitia mkono. Nikaomba, tukamshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha bila damu. Mbuzi moja tuliila siku ile ile.

Na mtoto? Hakuna aliyemwita. Alikuwa nyuma ya jiko, anaosha sufuria tulizolia.

Hakurudi shuleni. Mwalimu alipata barua ya kuhamishwa kwenda shule nyingine, na barua hiyo ilipita mkononi mwangu. Baada ya miaka miwili, mchungaji wa kule alikutana nami kwenye mkutano wa kanisa. Akanivuta pembeni, akauliza: «Pasta, ninyi mulifanyaga namna gani na ule mwalimu? Alilipaga mbuzi ngapi?» Hakuniuliza kwa hasira. Alitaka tu kujua bei, kwani kwao nako wazee walikuwa wanakaa chini ya mti.

Siku tulipokuwa tunakula mbuzi ile, sheria ya 2006 ilikuwa imeshatimiza miaka miwili. Mimi sikuijua. Nilikuja kuisoma Kisangani, mkononi mwa avoka mmoja, mkristo mwenzetu. Inasema nini? Mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Kabla ya 2006 mpaka ulikuwa miaka 14, ndiyo maana wazee wengi bado wanasema «huyu ameshakomaa». Mtu mzima akilala na mtoto, sheria inahesabu kwamba amemshika kwa nguvu, hata kama mtoto alisema ndiyo, hata kama alipokea sabuni au simu. Azabu ni miaka 5 mpaka 20. Tena sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, iliongeza: kwa mtoto ni miaka 7 mpaka 20.

Halafu kuna kifungu cha 171 bis. Hapo sheria ya 2006 inahesabu watu ambao kwao azabu ndogo inazidishwa mara mbili, ile 5 inakuwa 10. Inataja wazazi. Inataja waalimu wa mtoto. Inaendelea: wakubwa wa serikali, waganga, na watumishi wa dini waliotumia nafasi yao vibaya. Nilipofika kwenye mstari huo nilifunga kitabu kwanza. Sheria imetuweka sisi wachungaji na waalimu kwenye orodha moja, kwa sababu moja: mzazi anatukabizi mtoto na kurudi nyumbani bila wasiwasi.

Na mbuzi je? Siku ile ile ya 20 Julai 2006 ilitoka sheria ya pili, 06/019, juu ya namna ya kufuata mashtaka. Mnajua kwamba kwa makosa mengine opije anaweza kukutoza feza na mambo yakaisha ofisini. Kwa makosa ya namna hii, sheria imefunga mlango huo. Hakuna kulipa na kwenda. Kama opije hana ruhusa hiyo, mchungaji ameipata wapi? Karatasi yangu yenye mikono sita haikuwa na nguvu yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumwogopesha baba wa mtoto asiende mbele.

Wengine wanasema: basi amuoe, aibu iishe. Baba zangu, mjue kwamba mzazi anayemtoa binti wa chini ya miaka 18 kwa ndoa, yeye mwenyewe anaweza kufungwa. Sheria ya 2006 iliandika mwaka 1 mpaka 12, na azabu ndogo inazidishwa mara mbili kama ni mtoto. Zamani kitabu cha jamaa cha 1987 kilimruhusu binti kuolewa na miaka 15. Kilirekebishwa mwaka 2016, na sasa ni 18 kwa wote wawili.

Ninajua mnavyosema, maana ninasikia barabarani, ninasikia hata mlangoni pa kanisa. «Mtoto mwenyewe alimfuata.» «Angalia mavazi yake.» «Mwalimu akifungwa, nani atafundisha?» Hili la mwisho lina uzito wake. Tangu miaka ya 1992 na 1993 wazazi ndio waliobeba waalimu mgongoni kwa kulipa prime, na hata baada ya primeri kuwa bure mwaka 2019, kule kwenye karieri mwalimu anakula kwa sababu mzazi amemkumbuka. Mwalimu mwenye njaa ninamhurumia. Nimewahi kufundisha, ninajua mwezi wenye siku 90. Lakini njaa ya tumbo haimtumi mtu kumwita mtoto nyumbani siku ya posho. Na waalimu wengi, walio wengi kabisa, wana njaa hiyo hiyo na mikono yao ni safi. Hao ndio tunaowatukana tunapomficha mmoja.

Jina lingine la kuficha ni «kulinda jina la kanisa». Hapa ninasema na wenzangu. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 serikali ilirudishia makanisa uongozi wa shule. Shule ya kiprotestanti ni yetu. Barua ya kumweka mwalimu inatoka kwetu, na barua ya kumhamisha inatoka kwetu. Tunapomtoa mahali alipoharibu na kumpeleka mahali wasipomjua, nani amempeleka? Mimi ninajibu: ni mimi niliyempeleka.

Someni Samweli wa Pili, sura ya 13, yote, msiruke. Tunahubiri Daudi na Goliati kila mwaka, lakini sura hii nimeisikia mara chache sana. Tamari aliletwa kwa Amnoni na amri ya mfalme mwenyewe, kwenda kumhudumia mgonjwa. Alikataa, alimwonya, akafanyiwa kwa nguvu. Alilia njiani, majivu kichwani. Na baada ya hapo? Ndugu yake Absalomu alimwambia anyamaze. Baba yake Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwita Amnoni, wala kwamba alimwita Tamari. Miaka miwili ilipita kimya. Halafu damu ikamwagika ndani ya jamaa yenyewe, ile damu ambayo sisi chini ya mwembe tulizani tumeizuia.

Jirani zetu wa Kenya wana jambo la kutufundisha. Nao walipata sheria yao ya makosa ya namna hii mwaka 2006, mwaka mmoja na wetu. Mwaka 2010 tume yao ya waalimu ilitoa waraka: mtu wa shule akijua na akanyamaza, naye anaazibiwa. Halafu mwaka 2015, wasichana wawili wa shule ya primeri ya upande wa Nakuru, walioharibiwa na mwalimu wa shule yao, walifika Mahakama Kuu ya Nairobi. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba mzigo si wa mwalimu peke yake. Tume ya waalimu na serikali, waliomweka pale, nao walipe. Wasichana hao wawili walipewa pamoja shilingi milioni 5 za Kenya. Ninafikiri kordinasio zetu zingekaa na kutetemeka kidogo kama tribinali ya Kisangani ingeanza kuuliza nani alitia mkono kwenye barua ya kuhamisha.

Sasa mtaniambia: Pasta, hiyo ni Kenya. Kwetu opije anaomba feza ya karatasi, tribinali iko mbali, na njia ni ya pikipiki siku mbili. Ni kweli. Sheria 06/019 inasema uchunguzi mwezi 1, na hukumu isizidi miezi 3, na sisi sote tunajua nchi yetu. Lakini sheria hiyo inasema vilevile kwamba mtoto awe na mtu wa kumsaidia tangu mwanzo, kwamba apimwe na daktari, na kwamba anaweza kuomba kesi isikilizwe mlango umefungwa, watu wasimtazame. Vitu hivi ni haki, mnaweza kuviomba kwa jina.

Na kama jambo limeshatendeka, msianze na mkutano wa wazee. Anzeni na hopitali. Dawa ya kuzuia ukimwi inatolewa mbele ya saa 72 kupita, na kila saa ya mapema ni faida. Msimwoshe mtoto, msifue nguo zake. Zitieni ndani ya mfuko wa karatasi, ziende naye. Daktari aandike alichoona. Kutoka hapo ni polisi wanaoshugulikia watoto na wamama, au parke moja kwa moja. Wazee watakaa baadaye, wakitaka, kuzungumza namna ya kumrudisha mtoto shuleni. Kazi hiyo ni yao, na ninawaomba waifanye.

Ninyi vijana, neno fupi. Mwalimu akikuita peke yako kwake, usiende, au nenda na wenzako watatu na mkae nje. Andika siku na maneno aliyosema. Akikutumia ujumbe kwenye simu, usiufute, hata kama unakutia haya. Onyesha mtu mkubwa unayemwamini. Akikudharau, tafuta wa pili. Na ninyi vijana wanaume mnaomcheka msichana kwa jina la mwalimu, jueni kwamba kicheko chenu kinamsaidia yule mwalimu. Nawe mwalimu unayesoma gazeti hili kwa sababu linafika shuleni bure: mtoto akikosa pointi, zinapatikana darasani, mchana, mlango wazi.

Yule mtoto wa mwaka 2008 sasa ni mama mwenye watoto. Nilimtafuta mwaka juzi, nikamkuta anauza mihogo sokoni. Niliomba msamaha. Alinitazama, akasema: «Pasta, hata siku moja hakuna mutu aliniulizaga nilitaka nini.» Nikamuuliza sasa, nikiwa nimechelewa hivyo. Alisema alitaka kumaliza primeri. Binti yake mkubwa yuko mwaka wa sita.

Mama uliyeniandikia, nimepokea na ujumbe wako wa pili. Ninafika huko siku ya pili ya juma lijalo, Mungu akipenda na njia ikipitika. Avoka niliyemtaja atatusaidia kuandika shtaka. Tutakaa wewe, mimi na mtoto, na mtoto ndiye atakayesema wa kwanza. Kisha tutaenda kwa prefe pamoja. Mwambie Baba kwamba ninamwomba aje. Sitamgombeza, nami nilikuwa mwoga kama yeye. Usichinje kitu.