Aya Isifungwe kwa Nadharia

Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu wa falaki, kwa kupima mwanga wa nyota zilizolipuka, yalitangaza kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Sababu yake ikaitwa nishati ya giza, na mwaka 2011 watatu miongoni mwao wakatunukiwa Nobeli. Wapo ndugu zetu wanaoiona nishati hiyo ndani ya aya ya 47 ya Suratu Dhariyat.

Ndugu Waislamu, tusifanye pupa. Kutanuka hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye nishati. Makundi ya nyota hayakutawanyika sawasawa, bali yamejipanga kama utando wa buibui, na baina yake mna mapengo makubwa yaliyo karibu matupu. David Wiltshire wa New Zealand anasema muda hupita upesi zaidi humo, hivyo ongezeko la kasi huenda ni la kuonekana tu. Wenzake wengi hawajaafiki, lakini mjadala unaendelea.

Tukiifunga aya kwa nadharia, siku nadharia itakapoanguka vijana wetu watadhani aya nayo imeanguka. Tutafakari mbingu kwa unyenyekevu. Wallahu a'lam.